Mwalimu na Chai ya Mfalme

Mwalimu hakuwahi kunywa chai yangu bila kunisomesha. Wengine wakija pale nje ya geti la kambi wanamolala walinzi wa kampuni, Muhaisnah, wanatoa dirhamu yao, wanachukua kikombe, wanakwenda zao. Yeye atakishika kikombe kwa mikono miwili, atakinusa, atafumba macho, kisha atauliza, "Mama Chai, unajua kwamba kwa ajili ya kitu hiki Mwingereza aliipoteza Amerika?" Mara ya kwanza nilimjibu, najua nini mimi, ninachojua ni kwamba iliki imepanda bei. Akaangua kicheko, akavuta ndoo ya rangi iliyokuwa imepinduliwa pale ukutani, akakaa. Nadhani siku ile ndiyo niliyoandikishwa shule.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo siyajui wala sikuuliza. Huku Dubai mtu huulizwa kampuni yake na chumba chake, khalas, basi. Nilichojua ni kwamba alikuwa akisomesha historia huko kwetu Kenya, mshahara ukamchosha, akaja kuwa mlinzi wa ghala Jebel Ali. Hata dereva wa basi la kampuni, Mpakistani asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, alimwita "Mwalim".

Na mimi? Asubuhi nasafisha ofisi Al Quoz. Hiyo ndiyo kazi iliyo kwenye viza. Jioni nilikuwa nasimama na chupa zangu mbili za chai na beseni la mahamri nje ya kambi yao. Kazi ya asubuhi ilinilisha. Ya jioni ilikuwa inanijengea nyumba Kisauni, kule Mombasa, chumba baada ya chumba, nyumba isiyo ya mume wala ya mkwe, ambayo hakuna mtu atakayesimama mlangoni aniambie, toka. Nimeshaambiwa toka na waume wawili, na wa tatu simtaki. Kwa hivyo anayegusa chupa yangu ya chai ajue amegusa paa langu. Nalisema hili mapema ili mjue kwa nini nilimkasirikia Mwalimu vile nilivyomkasirikia, na hapo ni mtu niliyempenda.

Ubao hakuwa nao, kwa hivyo aliandika kwenye vumbi la basi. Basi likisimama getini kuwashusha watu wa zamu ya mchana, yeye hupita ubavuni kwake na kuandika kwa kidole, herufi kubwa kubwa: KODI. STEMPU. CHAI. Kisha anageuka na kutukazia macho kama tuna madaftari mikononi. Siku moja wakaguzi wa barabarani walilikuta basi lile chafu, historia ya Amerika nzima iko ubavuni, wakalipiga faini. Dereva akaja juu, akamkunja Mwalimu shati, akamwambia kwa Kiingereza chake cha barabarani kwamba Amerika ni yake na faini pia ni yake. Mwalimu akasema kutozwa bila kushauriwa ni uonevu ambao watu wameupigania vita. Akalipa nusu. Tangu hapo basi likawa linaoshwa kila Alhamisi, na masomo yakawa hayafanyiki siku hiyo.

Tatizo lake kubwa kwenye somo lile lilikuwa ni neno. Alianza kwa sauti ya msiba: "Jamani, wakoloni wa Amerika waliteseka sana chini ya Mwingereza." Kijana mmoja wa Nairobi akatafuna hamri lake taratibu, akasema, "Wakoloni waliteseka? Poa sana. Wacha wateseke." Watu wakapiga makofi. Mwalimu akainua mkono. Sikilizeni, akasema, hawa ni wakoloni wa namna nyingine, kuna wakoloni wanaotoza na kuna wakoloni wanaotozwa. "Mkoloni ni mkoloni tu, ssebo, bwana wangu," akasema Wasswa, Mganda aliyekuwa akilala kitanda cha juu yake, mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa kucheka.

Mwalimu akajaribu kuwaita walowezi. Ikawa mbaya zaidi, maana kwetu Kenya mlowezi ndiye aliyekalia shamba la babu. Mwishowe, jasho likimtoka, akasema basi tuwaite wenyeji wa Boston. Wasswa akauliza, "Banange, jamani, na wenyeji wenyewe walikuwa wapi?" Mwalimu akaimaliza chai yake kwa mkupuo mmoja na kutangaza kwamba kipindi kimekwisha.

Kisha ikaja sheria ya stempu. Sijui alikuwa akifikiria nini. Huku stempu ni neno la kumkosesha mtu usingizi. Viza ikishakubaliwa lazima ipigwe stempu, na mtu ambaye yake haijapigwa hata chakula hakimpiti kooni. Mwalimu, kwa raha zake, akasimama mbele ya kambi na kusema: "Mfalme akaleta stempu mpya! Kila karatasi ilipiwe. Mkataba, gazeti, cheti, hata karata za kucheza!" Waliokuwa karibu walijua ni habari za zamani. Waliokuwa wakipita na sabuni zao kuelekea bafuni walisikia Mfalme, stempu mpya, kila karatasi.

Kabla ya isha kambi nzima ilikuwa inajua kwamba stempu ya viza imepandishwa. Wapo waliopiga simu nyumbani kuomba wakopeshwe. Wapo walioficha karata chini ya magodoro. Kesho yake Wasswa, ambaye alikuwa bafuni saa ya somo, alikwenda ofisini akasimama mbele ya meza ya karani. "Madam, nauliza hii stempu ya Mfalme." Madam akamwuliza, mfalme gani? Wasswa, kwa adabu zote za Kiganda, akasema hajui mfalme yupi hasa ila anasikia yuko London. Madam akampa siku ya mapumziko akapumzike kichwa.

Somo la chai ndilo lililotugombanisha mimi na yeye. Akatueleza kwamba watu wa Boston walipanda merikebuni, wakavunja makasha na kuyamwaga majani ya chai baharini. Nikaiweka chini chupa niliyoshika.

"Yote?"

"Yote, Mama Chai."

"Hawakuonja hata?"

"Ilikuwa chai yenye kodi!"

"Hata kama ina kodi, si wangechemsha kwanza?"

Akanitazama kwa masikitiko. Kijana wa Nairobi akadakia, "Kumbe hawa jamaa walikataa kutoa chai? Hao kweli si Wakenya." Kambi ikaangua kicheko, Mwalimu akangoja kiishe, akaendelea kwamba wamwagaji walijivika kama wenyeji asilia wa nchi ile ili wasitambulikane. Nikamwuliza, yaani wao wamwage, lawama ziende kwa wenyeji? "Hiyo ni siasa," akasema. Nikamwambia hiyo si siasa, huo ni uswahili, na Mombasa tunaujua bila kwenda shule.

Lakini lililobaki midomoni mwa watu ni jambo jingine. Mwalimu alitueleza kwamba wale wa Amerika walilia hivi: mnatutoza kodi, na humo bungeni mwenu London hatuna hata mtu mmoja wa kutusemea. Na wakubwa wa London, bila haya, wakawajibu: mnaye. Hamkumchagua, hamumjui, hamjawahi kumwona, lakini anawawakilisha. "Yaani," akasema Mwalimu akijigonga kifua, "wanawakilishwa, ila hawajui tu!" Alicheka mpaka miwani ikamtoka, ile miwani aliyoifunga na uzi mweusi badala ya mkono mmoja.

Maneno yale yakawa wimbo wa kambi. Mtu akikosa chapati yake mezani, Wasswa anafuta mdomo na kusema, "Nimekula kwa niaba yako, ndugu. Nakuwakilisha, hujui tu." Mtu akikuta mwenzake kaoga kwa ndoo yake ya maji, jibu ni hilo hilo. Hata mimi nilimwambia hivyo mwanamke niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, siku nilipovaa viatu vyake kwenda harusini. Hakucheka.

Ajabu yake ni kwamba mtu huyu, aliyemsema Mfalme wa Uingereza jioni nzima, alikuwa Mwingereza kuliko Waingereza. Sare yake ya ulinzi aliilaza chini ya godoro usiku kucha ipate mkunjo. Hamri hakulichovya kwenye chai, asilani, na akimwona mtu anachovya anageuza uso. Ukimkanyaga kwa bahati mbaya, yeye ndiye anayekuomba msamaha, kwa Kiingereza cha puani. Meneja mkubwa wa kampuni akipita, Mwalimu anasimama wima na "good evening, sir" yake, na akishapita anatuambia kwa sauti ya chini kwamba mkubwa yule ni mtu mzuri, hajui tu yanayotendeka huku chini. Waliomzunguka ndio wabaya. Nikamwuliza, na wale wa Boston walisemaje kuhusu Mfalme wao? Akakuna kidevu. "Mwanzoni walisema hivyohivyo," akasema.

Kampuni ilipoongeza vitanda kila chumba, Mwalimu alitoka nje amevua hata soksi, amewaka. "Hii ni ile sheria ya kuwalaza askari!" akapiga kelele. Mfalme alipeleka askari wake Amerika, akawalazimisha watu wawape malazi na chakula. Watu huru hawawezi kuletewa askari walale nao! Wasswa akamgusa bega taratibu. "Mwalimu, sisi si ndio askari?" Mwalimu akatazama sare yake, akatazama sare za wale wageni waliosimama na masanduku yao hawajui pa kuyaweka. Akawakaribisha ndani. Mmoja wao, aliyekuwa na mgongo mbovu, Mwalimu alimpa kitanda chake cha chini na yeye mwenyewe akahamia sakafuni hadi kikapatikana kingine.

Maana, na hili lazima niliseme, moyo alikuwa nao. Wasswa alipofiwa na mama yake na kukosa ruhusa ya kwenda kuzika, Mwalimu alifanya zamu yake mwenyewe na ya Wasswa ili mwenzake akae alie. Hakutoa somo wiki nzima. Na mimi alinisitiri siku ambayo wakaguzi walipita kutafuta wauza vyakula wasio na kibali. Niliwaona wakikata kona, nikazikumbatia chupa zangu. Mwalimu akanipokonya chupa zote mbili, moja huku na moja kule, akasimama nazo akiwa na sare yake iliyonyooka. Wakamwuliza, hizi za nani? "Zangu, sir. Napenda sana chai." Wakamwuliza, zote? Akajibu kwamba ana tatizo. Wakaondoka wakimtikisia kichwa. Aliponirudishia chupa akasema kumbe magendo ni kazi ngumu, na ndipo nikajua kwamba wale wa Boston walikuwa na magendo yao ya chai pia. Usiku ule nilimwombea dua kwa jina.

Sasa nije kwenye mashine.

Bosi wa kambi wa wakati ule alipiga marufuku mabirika ya umeme vyumbani, ati yataunguza jengo. Yakakusanywa kwenye toroli. Baada ya siku chache ikaletwa mashine ya karak, ile chai nzito ya maziwa ya huku, ikawekwa karibu na mlango wa bwalo, nusu dirhamu kikombe. Mimi nilikuwa nauza dirhamu. Jioni ya kwanza nilirudi nyumbani na chupa moja nzima haijafunguliwa, nikaimwaga mwenyewe kwenye sinki, na nililia. Nililia kwa sababu mwezi ule nilikuwa nimeshamwambia fundi wa Kisauni aanze chumba cha mwisho.

Mwalimu ndiye aliyenielewa. Alisimama juu ya ndoo yake ya rangi. "Mnadhani kodi ya chai ilikuwa ghali?" akasema. "Hapana! Chai ya Mfalme ilikuwa rahisi! Kampuni moja kubwa ilipewa soko lote, bei ikashushwa, ili mnywe mkisema asante, na huku mnameza na kodi. Ndiyo maana wakaimwaga. Chai rahisi ndiyo mtego!" Watu walimsikiliza kwa makini kabisa. Walimsikiliza wakiwa na vikombe vya karatasi mkononi, vya nusu dirhamu, na alipomaliza walipiga makofi kwa mkono mmoja pajani ili visimwagike.

Na yeye mwenyewe? Wasswa alivikuta vikombe vya mashine chini ya kitanda cha Mwalimu, vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Kuulizwa, akasema alikuwa anaichunguza.

Hata hivyo watu walianza kunirudia kidogo kidogo, maana ile karak ilikuwa tamu ya kuwasha meno na haina tangawizi. Na mabirika waliyataka. Wakaitisha kikao pale pale kwangu. Mwalimu akasema tusipige kelele, tufanye kama wastaarabu, tumchague mtu aende kwa meneja atupelekee maneno yetu. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuulizwa chochote tangu waje nchi hii. Walinyoosha mikono, na mikono yote ikamwelekea yeye. Mimi si mkazi wa kambi lakini na mimi nilinyoosha. Akavua miwani, akafuta macho. "Uwakilishi," akasema, akaivaa tena.

Akafunga tai, akaenda ofisini asubuhi. Alikaa huko mpaka alasiri. Tulimtuma alete mabirika, akarudi na funguo. Meneja alikuwa amefurahishwa na Kiingereza chake, akampa cheo cha msaidizi wa bosi wa kambi. "Sasa tuko ndani," akatuambia. "Haya mambo ya birika nitayashughulikia nikiwa ndani." Tukampigia vigelegele. Mimi ndiye niliyepiga cha kwanza.

Mabirika hayakurudi. Baadaye kampuni ikawahamisha watu wote kwenye kambi mpya Al Quoz, yule bosi wa zamani akaenda kwao likizo asirudi, na Mwalimu akawa bosi wa kambi. Nikasema alhamdulillahi. Al Quoz ndiko ninakosafisha, nauli imepungua, na getini sasa yuko mtu wangu. Nikatia iliki mara mbili siku ile, kwa heshima yake, nikaenda na chupa zangu na beseni la mahamri.

Mlinzi wa geti alikuwa mgeni kwangu. Akanionyesha bango ukutani: hairuhusiwi kuuza chai wala chakula mbele ya kambi. Nikacheka, nikamwambia mwambie bosi wako Mama Chai amefika. Akapiga simu, akasikiliza, akasema "yes sir". Kisha akazichukua chupa zangu, akazifungulia kwenye mtaro, moja baada ya nyingine, chai yote, ile ya iliki mara mbili. Akasema ni amri, kwa ajili ya usafi, na vyombo vitakaa ofisini.

Nilisimama pale nikaangalia mvuke ukipanda mtaroni. Kisha nikaenda moja kwa moja ofisini kwake, wala sikubisha hodi.

Alikuwa na meza, kiyoyozi, na miwani mpya yenye mikono miwili. Chupa zangu zilikuwa kwenye kona, karibu na toroli, na kwenye toroli, wallahi, yalikuwamo mabirika ya umeme. Alisimama kwa heshima. "Mama Chai! Karibu, karibu, keti." Akamtuma mtu aniletee karak ya mashine. Ikaletwa, ikakaa mbele yangu ikafanya utando juu.

"Mwalimu," nikasema, "Boston watu walimwaga chai ya Mfalme. Hapa Mfalme ndiye aliyemwaga chai yangu. Nisomeshe hapo, maana sijaelewa."

Akasonya kidogo, akatabasamu. Akasema mambo si rahisi kama yanavyoonekana ukiwa nje. Kuna usafi, kuna mkataba wa mashine, kuna wakubwa.

"Hii nyumba yangu ya Kisauni unaijua," nikasema. "Nilikusimulia mpaka rangi ya mlango. Imebaki chumba kimoja kuezekwa."

"Naijua."

"Na hawa watu wamekubali kunywa hii?" Nikaisukuma ile karak. "Umewauliza?"

"Wamekubali kupitia kwangu. Mimi ndiye mwakilishi wao, walinichagua wenyewe. Nawawakilisha, Mama Chai, hata kama wao hawajui."

Nilingoja acheke. Nilimtazama mdomo, nikasema sasa hivi, sasa hivi atajigonga kifua na miwani itamtoka. Hakucheka. Alikuwa amesema kweli yake, na alikuwa anatafuta kitu kwenye droo. Akakitoa. Kilikuwa ni muhuri.

"Njia ipo," akasema. "Nitakupa karatasi, kila wiki unakuja naigonga stempu, unalipa kidogo tu kwa ajili ya kambi, kisha unasimama pale nyuma, karibu na majaa. Sisi ni watu wa nyumba moja."

Wazee wetu wamesema penye udhia penyeza rupia, na mimi si malaika, nimepenyeza rupia mahali pengi maishani mwangu. Lakini kwa mtu huyu mkono ulikataa. "Ulituambia kuna wakoloni wa namna mbili," nikamwambia. "Wanaotoza na wanaotozwa. Ulisahau kutuambia kwamba ni watu walewale." Nikabeba chupa zangu tupu nikatoka. Ile karak niliiacha pale, lakini nilihakikisha nimemkosea adabu, nikachovya humo hamri moja na kuliacha linaelea.

Mbele ya kambi ile, ng'ambo ya barabara, kuna karakana ya matairi. Mwenyewe ni mzee wa Kibaluchi ambaye mama yake aliishi Mombasa. Nilipomsalimu kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiswahili cha kale mpaka nikataka kumkumbatia. Ana leseni ya kuuza maji na vitafunio pale mlangoni, haitumii. Akaniambia kaa, binti, utanipa kikombe asubuhi na jioni. Watu wa kambi wakaanza kuvuka barabara. Wasswa alivuka wa kwanza. Wakawa wanakaa juu ya matairi wakinywa, wakilitazama bango la Mwalimu kwa mbali.

Jioni moja, baada ya magharibi, nikamwona yeye mwenyewe anavuka. Hakuwa na tai. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, na haikuwa kwa ajili ya magari. Mmoja wa wanaume waliokaa kwenye matairi akaficha kikombe nyuma ya mgongo.

"Mama Chai," akasema taratibu, "imebaki?"

Nikamimina. Akakishika kwa mikono miwili, akakinusa, akafumba macho. Nikaona amekonda. Roho ikaniuma kidogo, siwezi kusema uongo, lakini sikumpa nafasi ya kuanza somo.

"Dirhamu mbili," nikasema.

Akafumbua macho. "Si moja?"

"Moja ya chai. Moja ya kodi."

"Kodi ya nini?"

"Ya ile uliyoimwaga."

"Nani ameipitisha?"

"Wateja wangu. Wamekubali wote, na wewe umo."

"Mimi?" Akajinyoosha, sauti ya ualimu ikamrudi. "Mimi sikuulizwa! Hamwezi kunitoza bila ya—"

Akakishusha kikombe. Alikuwa ameshalisikia neno lenyewe linakuja.

"Nakuwakilisha, Mwalimu," nikamwambia. "Hujui tu."

Wasswa ndiye aliyelipuka kwanza, akaanguka kutoka juu ya tairi lake. Kisha wote. Mwalimu alisimama katikati yao na kikombe chake, mdomo wazi, halafu bega moja likaanza kumtikisika, na la pili, na kile kicheko nilichokingoja ofisini kikaja, miwani yake mpya ikamtoka na kuanguka kwenye mafuta ya karakana. Alicheka mpaka akawa anafuta machozi, na yalipokwisha ya kicheko bado alikuwa anafuta. Akatia mkono mfukoni, akalipa. Akavuta tairi, akakaa.

Bango lake bado liko ukutani, na muhuri wake juu. Mabirika ya watu yamerudi vyumbani, kimya kimya, hakuna aliyetangaza. Mwalimu anavuka barabara kila jioni, na kodi yake sijaiondoa. Chumba cha mwisho cha Kisauni kimeezekwa mwezi uliopita, na nikimpigia fundi simu namwambia mabati ya chumba kile ayatunze, yamelipiwa na mtu asiyekuwa na uwakilishi.